Chai ya saa nne ilipohamia mezani: mapumziko tunayapataje katika ratiba iliyojaa?

Mleta uzi

Wenzangu, ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi, nami ninaleta hapa jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa muda na ambalo mara moja lilikaribia kunikosesha kazi. Ninazungumzia mapumziko ya katikati ya siku ya kazi, yaani zile dakika kumi au ishirini ambazo mtu anainuka kitini, anaacha mafaili yake na kurudi akiwa na akili timamu. Habari ya likizo ya Mombasa tuiweke kando kwanza.

Nilipoajiriwa, ofisi yetu ilikuwa na chai ya saa nne. Mama aliyetupikia aliweka birika na sinia ya mandazi katika chumba kidogo karibu na ngazi, na kwa kuwa vikombe vilikuwa huko tu, kila aliyetaka chai alilazimika kuinuka na kwenda. Watu walisimama robo saa, wakazungumza habari za mpira, karo za watoto na msongamano wa Mombasa Road, kisha wakarudi. Baadaye tulihamia jengo jipya, tukawekewa mashine ya maji moto katika kila pembe, na kila mmoja akaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Tangu siku hiyo tunakunywa chai nyingi kuliko zamani, lakini tunainywa mbele ya kompyuta, mkono mmoja ukishika kikombe na mwingine ukiandika. Hakuna mkubwa aliyetoa amri ya kufuta mapumziko, wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu hatukujua kwamba tulikuwa nayo hadi yalipokwisha kupotea.

Wahasibu wenzangu wanaujua mwezi wetu ulivyo. Kufikia tarehe 9 PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, iwe imewasilishwa, na kufikia tarehe 20 ifuatie VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na katikati ya tarehe hizo kuna mishahara, ankara za wauzaji na wakaguzi wanaotaka stakabadhi ya miaka mitatu iliyopita kana kwamba nimelala nayo chini ya mto. Jioni moja ya tarehe 19 nilikuwa na tofauti ya shilingi 5,400 kati ya leja, yaani daftari letu la hesabu, na taarifa ya benki. Niliitafuta kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku bila kuinuka hata mara moja, nikakagua ukurasa mmoja mara nne, na kila mara nikaona nilichotarajia kuona. Nilirudi nyumbani Kasarani nikiwa nimekata tamaa. Kesho yake asubuhi, nikiwa bado nimesimama na mkoba begani, niliiona: ankara ya 28,200 nilikuwa nimeiandika 22,800. Mwanafunzi yeyote wa uhasibu anafundishwa kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa inaashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi, na 5,400 inagawanyika kwa tisa waziwazi. Kanuni hiyo ninaijua tangu chuoni, lakini kwa saa tatu nzima haikunijia kichwani.

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo langu ni wingi wa kazi tu. Siku hizi ninaona kwamba nilikuwa na kosa jingine, nalo ni kusubiri mwanya ujitokeze ndipo nipumzike, ilhali katika ofisi kama yetu mwanya haujitokezi kamwe, kwa kuwa dakika yoyote iliyo wazi inajazwa na barua pepe, na isiyojazwa na barua pepe inajazwa na kikundi cha WhatsApp cha idara. Basi nikaanza kuwachunguza wenzangu wanaopumzika kweli, ili nijue wanafanyaje. Nilipata makundi mawili tu.

Kundi la kwanza ni Waislamu wanaoswali. Mwenzangu mmoja huinuka kwa ajili ya adhuhuri kila siku, na Ijumaa anashuka mjini hadi Msikiti wa Jamia, na katika miaka sita sijawahi kusikia mtu akimwambia asubiri amalize jedwali kwanza. Wakati wake unajulikana, sababu yake inajulikana, na mikutano yenyewe imejifunza kumzunguka. Kundi la pili, Mungu anisamehe, ni wavutaji sigara. Hao hushuka chini mara tatu au nne kwa siku bila kuomba ruhusa, hukaa dakika saba au nane, hucheka, hurudi. Mimi sivuti, lakini kwa wiki mbili nilishuka pamoja nao nikisimama upande ambao moshi hauendi, na ninakiri kwamba zilikuwa wiki nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nilichojifunza kwa makundi haya mawili ni kwamba pumziko linadumu likiwa na saa yake na likiwa na mtu mwingine anayelijua. Pumziko la siri, la mtu mmoja, linaloombewa radhi, halimalizi hata wiki.

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Niliandika katika kalenda ya ofisi, mahali ambapo kila mtu anaona, saa nne hadi saa nne na robo, na saa tisa na nusu hadi saa kumi kasorobo, neno moja tu: «Nje». Kisha nilimwomba mwenzangu wa meza ya pili awe ananishtua, nami nimshtue. Kikombe changu nilikipeleka ghorofa ya chini kwa mama mwenye kibanda cha chai, kikae huko. Hilo la kikombe linaonekana la kitoto, lakini ndilo lililofanya kazi kuliko yote.

Nimejaribu pia ule mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo, aliouanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, dakika tano za kupumzika. Kwa kuandika ripoti unafaa sana. Kwa kulinganisha leja na benki haukunifaa, kwa sababu saa inalia wakati nimeshika nambari tatu kichwani, na nikiziachilia ninaanza upya. Nilichobakiza ni ushauri wa madaktari wa macho, kwamba kila dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, maana tukikodolea kioo cha kompyuta tunapepesa macho mara chache na yanakauka. Dirisha langu linaelekea mnara wa simu; ninautazama huo.

Kwa wale watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba, ninaomba wazingatie kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba watu wapatao 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa watu hao ilikadiriwa kuwa juu kwa asilimia 35 wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hesabu saa zako kuanzia unapoketi, pamoja na Jumamosi, ndipo ujue umesimama wapi.

Ninyi mnafanyaje? Hasa ambao kazi yenu hairuhusu kuinuka.

Mchangiaji, muuguzi

Ndugu, ninakushukuru kwa kuuliza habari zetu. Katika wodi huwezi kuandika «Nje» kwenye kalenda, kwa kuwa mgonjwa hasomi kalenda. Sisi tulikubaliana kwenda wawili wawili: mmoja anakula, mwingine anashika vitanda vyake, na makabidhiano yanafanywa kwa mdomo, kitanda kwa kitanda, hata kama ni ya dakika ishirini. Zamani tuliambiana tu «niangalilie kidogo», na matokeo yake anayekula alikuwa akiitwa kila dakika tatu kuulizwa dripu ya nani inaisha lini. Siku hizi ninasema, «Kitanda cha nne dripu inaisha saa saba na nusu, cha sita anasubiri daktari, cha tisa asipewe chakula.» Nikishasema hivyo, ninakula nikiwa ninakula kweli. Na lazima tuwe tumemaliza wote kabla ya dawa za saa nane. Mpango huu unavunjika siku ambayo mmoja wetu hakuja kazini, na siku hizo ni nyingi. Hapo sina dawa ya kukupa.

Mchangiaji, meneja

Nimesoma yote kwa heshima, lakini niruhusuni niseme upande ambao hausemwi. Nina watu 14 katika idara ya huduma kwa wateja. Wote wakiinuka saa nne, simu zitalia hadi zichoke, na mteja wa Nairobi hana subira, atahamia kwa jirani. Tena nimeona chai ya robo saa ikigeuka kuwa ya dakika arobaini. Mtu akitaka kupumzika, afanye kazi haraka, atapata muda.

Mleta uzi

Ndugu meneja, hofu yako ninaielewa, maana nami nina watu wanne chini yangu. Lakini sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyoniweka pale kitini hadi saa mbili usiku. Katika ofisi yangu anayefanya kazi haraka huongezewa kazi, hapewi muda, na sote tunajua ni faili za nani huishia kwa mchapakazi. Kuhusu simu, hujalazimika kuwainua wote pamoja. Wagawanye makundi matatu, la kwanza litoke saa nne kasorobo, la pili saa nne, la tatu saa nne na robo, na uandike majina ukutani. Chai ya dakika arobaini huja pale ambapo mtu hajui kama kesho ataipata tena. Mwenye hakika ya kesho hurudi kwa wakati. Hayo nimeyaona kwa wanne wangu, sikatai kwamba 14 ni wengi zaidi.

Mchangiaji, mama wa mtoto wa miezi saba

Ninaongeza jambo ambalo waajiri wengi hawalitaji. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo mbali na muda wake wa chakula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Nilikamua maziwa chooni kwa miezi miwili kabla ya kujua. Nilipoipeleka sheria hiyo kwa afisa wa wafanyakazi, hakubishana, alisema tu kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Sasa nina chumba cha kuhifadhia karatasi chenye ufunguo, kiti kimoja na soketi. Si cha kifahari, lakini saa yangu ya tano asubuhi haiguswi na mkutano wowote.

Mchangiaji, mlinzi

Mimi ni mlinzi wa lango katika mtaa mmoja wa Kilimani, zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Hizo ni saa 72. Kanuni za jumla za mishahara zinataja saa 52 kwa wiki za kawaida na zisizozidi 60 kwa kazi ya usiku, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mleta uzi anasema pumziko linahitaji mtu wa pili anayelijua. Langoni niko peke yangu. Nikienda msalani, gari likipiga honi, kesho nina barua ya onyo. Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaokaa katika mitaa hiyo, mnapoajiri kampuni ya ulinzi, ulizeni kama kuna mlinzi wa kupokezana, na mkubali kumlipia. Bei ya chini mnayoifurahia imetoka kwenye pumziko langu.

Mleta uzi

Mzee wangu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Katika mtaa wetu mlinzi wa usiku ni mmoja, nami niko katika kamati iliyosaini mkataba huo, na swali ulilolitaja hatukuliuliza. Tulilinganisha bei tu. Nitalipeleka katika mkutano wa mwezi huu.

Mchangiaji, kazi za mtandaoni

Mimi ninanakili sauti za wateja wa Marekani kutoka chumbani kwangu Roysambu, na ninalipwa kwa faili. Kwangu mimi kupumzika kuna bei inayoonekana papo hapo, kwa maana dakika kumi nikiwa nje ni dakika kumi bila senti. Saa haikunisaidia, kwa kuwa kila ilipolia nilijiambia nimalize faili hii kwanza. Nikaacha kuhesabu saa, nikaanza kuhesabu faili: baada ya kila faili tatu ninashuka ngazi hadi kwa mama mboga, ninanunua kitu kimoja tu, nyanya mbili au kitunguu, kisha ninapanda tena. Nikiamua kununua vyote asubuhi sitashuka kamwe. Mama mboga anadhani sina akili ya kupanga matumizi.

Makosa ninayorudishiwa kusahihisha bila malipo yamepungua, na nikitoa hesabu ya mwezi, fedha ni karibu zile zile. Siwezi kusema zimeongezeka.

Mchangiaji mwingine

Na likizo je? Mimi nina siku nyingi ambazo sijazichukua, mkubwa wangu husema «tutaona baada ya msimu», na msimu hauishi.

Mleta uzi

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inakupa siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi. Mkikubaliana kuzigawa, sehemu moja iwe na wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Kifungu cha 27 nacho kinakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Usiende kwa mkubwa ukiuliza kama unaweza kwenda. Nenda na tarehe mbili, andika barua pepe, mwambie achague. Zile wiki ambazo kwenu zimetulia unazijua wewe kuliko yeye. Kwetu ni baada ya tarehe 20, kwa hiyo mimi siombi kamwe tarehe 5.

Mchangiaji, karani mjini

Tuseme nimepata dakika arobaini za chakula cha mchana. Ninakwenda wapi katikati ya jiji? Hotelini ukikaa bila kuagiza unatazamwa kama mwizi.

Mleta uzi

Nenda Jeevanjee. Bustani hiyo iko tangu 1906, ilitolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa ajili ya wakazi wa mji, na hadi leo unakaa bure. Onyo langu ni wahubiri, ambao wakati wa chakula hupaza sauti kwelikweli, kwa hiyo chagua benchi mbali nao ikiwa unataka kimya. Sisi wa Upper Hill tunateremka Uhuru Park kwa miguu. Kila ninapoketi pale ninakumbuka kwamba mwaka 1989 palitakiwa pajengwe mnara wa ghorofa 60, na mwanamazingira Wangari Maathai akatukanwa hadharani kwa kupinga. Kama angenyamaza, leo ningekuwa ninakula chapati yangu katika maegesho ya magari. Mwenye siku nzima aende kwenye misitu ya Arboretum au Karura, lakini kwa dakika arobaini usijaribu. Utazimaliza ndani ya matatu.

Meneja

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilijaribu makundi matatu, kwa shingo upande. Simu zilizokosa kupokelewa hazikuongezeka kama nilivyohofu, ingawa Jumatatu bado ni balaa na siku hiyo nimeiacha kama ilivyokuwa. Jambo lililonishinda ni jingine: nikienda kwenye chai pamoja nao, mazungumzo yote yanageuka kuwa kazi. Wananiletea malalamiko ya wateja hapo hapo, na nikitazama ninaona hakuna anayepumzika.

Mleta uzi

Ndugu meneja, hongera kwa kujaribu. Kuhusu hilo la mwisho, nenda na kundi la kwanza mara moja kwa wiki, ukae dakika tano, uulize habari za watoto, kisha uondoke kabla yao. Siku nyingine kunywa chai yako kwingine. Hata mimi wanne wangu walianza kucheka nilipohamishia kikombe changu chini.